Magofu ya Kunduchi na Faili la Msikiti Wetu



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, na swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake. Ama baad.

Sisi tunaoandika makala hii tumekabidhiwa ukatibu wa kamati ya msikiti mmoja mdogo ulioko Tegeta, kaskazini mwa Dar es Salaam. Jina la msikiti tunaliacha kwa makusudi, kwa kuwa jambo tutakalolieleza halijafika mwisho, na wapo jamaa ambao heshima yao ni wajibu wetu kuilinda. Tunaandika kwa sababu tumekosea, na tunadhani kosa letu linafanana na la kamati nyingi za misikiti ya pembezoni mwa jiji hili, kuanzia Bunju hadi Mbagala.

Ijumaa moja baada ya swala, kijana mwenye adabu nzuri alimfuata mwenyekiti wetu akamkabidhi bahasha. Ndani mlikuwa na barua ya ukurasa mmoja. Wajukuu wa bibi aliyetoa kiwanja cha msikiti walikuwa wakiomba, kwa lugha ya heshima, waoneshwe hati ya kiwanja hicho. Na endapo hati haipo, basi familia na kamati wakae wazungumze. Mwenyekiti aliisoma mara mbili, akaikunja, akatupa sisi. "Katibu," alisema, "faili liko kwako."

Faili lilikuwa kwetu kweli. Usiku ule tulilifungua na kulipekua karatasi moja moja. Tulikuta stakabadhi za saruji na mabati, orodha za michango ya futari, kumbukumbu za vikao kuhusu mazulia, feni, vipaza sauti na pampu ya kisima. Ipo kumbukumbu ya kikao kilichojadili rangi ya mlango kwa saa nzima, tena kwa mwandiko wetu wenyewe. Kuhusu kiwanja hapakuwa na mstari hata mmoja. Miaka sita ya ukatibu wetu tuliandika kila kilichoingia msikitini, ila hatukuwahi kuandika msikiti wenyewe ulivyopatikana.

Wiki iliyofuata ilikuwa imeshapangwa ziara ya watoto wa madrasa kwenda kuyaona magofu ya Kunduchi. Tulitamani kuiahirisha, maana moyo ulikuwa mzito, lakini nauli ilikwisha kuchangwa na watoto walikuwa wakihesabu siku. Tukaenda.

Wengi wa wasomaji wetu hupita karibu na magofu yale kila siku bila kuyafahamu. Ukitoka mjini kwa Barabara ya Bagamoyo, ukifika Mtongani unaelekea mashariki, upande wa bahari. Eneo lile lina sifa ya machimbo ya kokoto. Siku ile tulisikia nyundo za kina mama wanaoponda mawe kabla hatujaona kitu chochote cha kale. Mwalimu wa madrasa aliwaambia watoto waokote kipande cha jiwe kando ya njia na wakishike mpaka tufike. Ni jiwe la asili ya matumbawe, lenye vitundu vidogo vidogo. Tulipofika chini ya mibuyu, aliwaambia walifananishe na ukuta. Lilikuwa jiwe lile lile.

Magofu yenyewe ni mabaki ya msikiti uliojengwa kiasi cha karne ya 15 au ya 16, na pembeni yake makaburi, mengi yakiwa ya karne ya 18 na ya 19. Baadhi ya makaburi yamesimamishiwa nguzo za mawe, ujenzi ambao ni alama ya pwani yetu ya Afrika Mashariki. Katika nguzo na kuta za makaburi hayo zilipachikwa bakuli za kaure kutoka China, na macho ya watoto yalikwenda kwenye viduara vitupu zilimokuwa bakuli hizo. Tuliwaambia kwamba Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuujenga mji wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860, pale palipokuwa kijiji cha Mzizima. Maana yake ni kuwa adhana ilikuwa ikisikika Kunduchi kwa karne kadhaa kabla ya jiji letu kupewa jina.

Ufundi wa wajenzi wale unastahili kuelezwa, kwani watoto wetu hudhani kwamba kabla ya saruji hapakuwa na ujenzi. Mawe yalichimbwa ardhini, yakaungwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe katika tanuri la kuni. Kwa kazi nyembamba, kama ukingo wa mihrabu, mafundi wa pwani walitumia tumbawe laini lililotolewa baharini, wakalichonga lingali bichi kabla halijawa gumu kwa hewa. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ina urefu wake, upana wa vyumba ulifuata boriti. Ndiyo maana misikiti mingi ya kale ina safu za nguzo katikati. Boriti zikioza na asiwepo wa kuzibadilisha, dari huanguka, mvua huingia ndani ya kuta, na mizizi humalizia kazi.

Tulipokaribia palipokuwa mlango, mtoto mmoja wa miaka tisa hivi alivua kandambili zake. Hakuna aliyemwambia. Wenzake wakamtazama, kisha mmoja mmoja wakavua. Kijana mmoja wa kamati alicheka kidogo, akasema pale hapana msikiti tena, pana mawe. Imamu wetu alimjibu kwa upole kwamba jambo hilo lina mazungumzo marefu ndani ya vitabu vya fikihi. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wa watu wa pwani hii huyafuata, msikiti ukiporomoka na ikashindikana kuujenga tena, ardhi yake hairudi kuwa mali ya mtu wala haiuzwi. Wanazuoni wa Kihanbali wameruhusu kuuza pale manufaa yanapokatika kabisa, ili thamani yake ikajenge msikiti mahali pengine. Lakini hata hao hawakusema kwamba wakfu hufutika kwa kuanguka paa. "Mtoto amefuata adabu," alimaliza imamu, naye akavua viatu.

Kwenye makaburi pia palikuwa na swali. Wapo wanaoyakwepa magofu kama yale kwa kuchelea shirki, wakikumbuka ubani na vitambaa vinavyowekwa na wajinga katika baadhi ya makaburi ya pwani. Imamu aliwakusanya watoto, akawafundisha kuwatolea salamu watu wa makaburini kama alivyofundisha Mtume (s.a.w.), na kuwaombea kwa Allah. Akasisitiza kwamba tunawaombea wao, hatuwaombi wao. Baada ya hapo hakuna aliyekuwa na wasiwasi.

Ndipo yule mtoto wa kandambili alipouliza: "Ustadh, msikiti huu ni wa nani?"

Mwalimu akajibu kama inavyopasa: "Misikiti yote ni ya Allah."

"Najua, Ustadh. Nauliza nani aliutoa."

Tulizitazama kuta zilizobaki, tukazunguka pande zote. Hatukuona jina. Mwalimu akamwambia mtoto kwamba Allah anamjua, na jibu hilo ni la kweli na linatosha kwa malipo ya Akhera. Lakini sisi tuliokuwa na ile barua mfukoni tulihisi kama swali limeelekezwa kwetu. Aliyeutoa msikiti wa Kunduchi amelala karne nyingi. Bibi aliyeutoa msikiti wetu alifariki juzi tu, wapo watu waliokula wali wa hitima yake, na bado katika faili letu hakuwa na jina.

Si kwamba watu wa kale hawakujua kuandika. Kizimkazi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, upo msikiti wenye maandishi ya Kikufi yaliyochongwa ukutani, yanayomtaja aliyeamuru ujengwe na kutaja mwaka: 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Jengo lilikuja kujengwa upya katika karne ya 18, lakini maandishi yakatunzwa, na mpaka leo Waislamu wanaswali pale. Kule Kilwa Kisiwani, Msikiti Mkuu ulianza karne ya 11 na kupanuliwa mara kadhaa, na upanuzi wake mkubwa unanasibishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 14. Ibn Battuta aliyefika Kilwa mwaka 1331 aliandika juu ya dini na ukarimu wa sultani huyo, na kwamba watu wake ni wa madhehebu ya Shafii. Mwaka 1505 Wareno waliupora mji, na haukurudi katika utukufu wake. Kuta ziko kimya, ila kwa sababu watu waliandika, tunajua nani alifanya nini.

Waislamu wa kwanza walitutangulia katika hili. Sayyidna Umar (r.a.) alipopata ardhi Khaybar alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kutaka ushauri, akaelekezwa kuizuia asili yake na kuyatoa matunda yake sadaka. Akaifanya wakfu: isiuzwe, isitolewe zawadi, isirithiwe. Baadaye ikaandikwa hati. Katika Sunan Abi Dawud tunakuta hata jina la aliyeiandika, Muayqib, na jina la shahidi, Abdullah bin al-Arqam. Na kila mwanafunzi wa chuo anafahamu kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Sisi tuliisoma aya ile chuoni, tukaifanyia mtihani, tukafaulu.

Tuliporudi Tegeta tulimwomba mwenyekiti ruhusa ya kwenda kwa mzee aliyekuwa muadhini wa kwanza wa msikiti wetu. Umri wake umepita miaka 80 na macho yamekwisha nuru, lakini akili yake ni timamu. Tulikwenda na imamu na mashahidi wawili, mmoja wao akiwa mjukuu wa bibi, yule yule aliyeleta barua. Tuliona si haki kuuchukua ushahidi nyuma ya mgongo wa familia.

Mzee alieleza bila haraka. Wakati ule Tegeta ilikuwa mashamba ya mikorosho na minazi, na watu wa Ijumaa walikuwa wakitembea mbali. Bibi aliwaita watu wanne chini ya mwembe wake, akasema sehemu ile anaitoa kwa ajili ya Allah, iswaliwe humo mpaka Kiyama. Akatembea mwenyewe kwa miguu kuonesha mipaka: kuanzia mwembe hadi kisima, kuanzia kisima hadi mnazi uliopinda. Kati ya wale wanne, watatu wametangulia mbele ya haki.

Tuliandika kila neno, kisha tukamsomea. Akatusimamisha. "Umeruka," alisema. "Bibi alisema njia ya nyuma isizibwe, ibaki ya wajukuu wake kupita kwenda nyumbani. Na maji ya kisima yawe ya majirani wote, hata asiyeswali."

Tukanyamaza. Wanakamati tuliokuwepo tulitazamana, maana kwenye njia ile ya nyuma kamati ilijenga fremu mbili za duka miaka minne iliyopita. Kodi yake ndiyo inayomlipa mwalimu wa madrasa. Na kisima tulikifungia kwa kufuli pale bili ya umeme wa pampu ilipopanda.

Kikao cha kamati kilichofuata kilikuwa kigumu kuliko vyote tulivyowahi kuviandikia kumbukumbu. Wapo waliosema ushahidi wa kiwanja uandikwe, na maneno ya njia na kisima yaachwe, kwa kuwa mzee ni mtu mzima sana na huenda amechanganya. Mmoja alituuliza waziwazi: "Katibu, kwani lazima uandike kila kitu?" Tukiri kwamba tulisita. Ni rahisi kuilaumu kalamu ya mtu mwingine. Imamu ndiye aliyekata shauri. Alisema sharti la mtoa wakfu huheshimiwa maadamu halipingani na sheria ya Allah, na kwamba hatuwezi kuushika ushahidi wa mzee huyu pale unapotupa ardhi na kuutupa pale unapotutaka turudishe. Ikaandikwa yote. Mzee akaweka dole gumba, mashahidi wakasaini.

Tulipoipeleka karatasi ile kwa familia, mkubwa wao aliisoma kimya hadi mwisho. Alipofika kwenye njia na kisima aliinua uso. "Haya hatukuwa tunayajua," alisema. "Sisi tulidhani mmetunyang'anya tu." Kumbe barua ile haikuwa na tamaa tuliyoidhania. Walikuwa wakizunguka mtaa mzima kwenda kwao kwa sababu ya fremu zetu, wakahisi bibi yao amesahaulika na mali yake imechukuliwa na wageni.

Hatutaki kuyafanya mambo yaonekane yamekwisha. Fremu moja imebomolewa na njia imefunguliwa. Ya pili mpangaji amepewa muda wa kuhama. Kufuli la kisima limeondolewa, na bili ya umeme inatusumbua. Mshahara wa mwalimu tunaulipa kwa mchango wa kila Ijumaa, na miezi miwili umepungua. Warithi watatu wamesaini kwamba kiwanja ni wakfu wa bibi yao. Mmoja aliyeko mkoani hajasaini, na thamani ya ardhi ya Tegeta inajulikana. Tunamwombea Allah amlainishe, na tunaendelea kumpigia simu kwa adabu.

Kutokana na yaliyotufika, tunawanasihi ndugu zetu wa kamati za misikiti mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wao. Kwanza, waulizeni wazee wenu wiki hii: nani alitoa kiwanja, mbele ya nani, kwa mipaka ipi na kwa masharti gani. Andikeni mbele ya mashahidi na mbele ya familia ya mtoaji, wala msiache neno kwa kuwa haliwapendezi. Pili, hakikisheni msikiti una bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, kwani ardhi ya msikiti ikikaa kwa jina la mwenyekiti, akifa mwenyekiti wanaweza kuja warithi wake. Tatu, nakala moja ya hati isikae katika faili la katibu. Katibu husafiri, huhama na hufa.

Na familia zetu nazo zina sehemu yake. Wapo akina mama na akina baba katika mitaa yetu waliotoa vipande vya ardhi kwa neno la mdomo tu, wakiamini kwamba mdomo wa Muislamu unatosha. Wakalisheni chini wazazi wenu, muwaulize na muandike. Mtoto anayejua bibi yake alitoa nini, na kwa sharti gani, ataulinda msikiti ule kuliko ukuta wowote.

Juu ya magofu, tunaomba msiwaogopeshe watoto nayo. Yako chini ya ulinzi wa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na haifai kung'oa jiwe wala kuandika majina ukutani. Nendeni Kunduchi, na mwenye uwezo aendelee hadi Kaole, karibu na Bagamoyo, ambako Neville Chittick alifukua mabaki ya misikiti mwaka 1958. Wapeni watoto nafasi ya kuuliza, na mjiandae kwamba baadhi ya maswali watakayouliza yatawahusu ninyi.

Sisi tumenunua daftari jipya lenye jalada gumu. Ukurasa wa kwanza tumeandika jina kamili la bibi, jina la baba yake, mipaka aliyoitembea kwa miguu yake, njia ya wajukuu na maji ya majirani. Chini yake tumeacha nafasi ya saini moja.

Wabillahi tawfiq.